Kutoka darasa la Saint-Boniface hadi El Jadida: safari ya mabinti wa Mazembe

KARAVIA, Lubumbashi – Jioni ya tarehe 23 Novemba 2024, katika mji wa El Jadida nchini Morocco, Marlène Yav Kasaj aliweka mpira kwenye nukta ya penalti. Mbele yake alikuwa golikipa wa AS FAR, klabu ya jeshi la Morocco, timu iliyokuwa ikicheza nyumbani na iliyokwisha kuchukua kombe hilohilo miaka miwili nyuma. Kasaj akapiga, mpira ukaingia. Bao hilo moja la kipindi cha kwanza lilitosha. Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, safari hii ya wanawake, ikawa bingwa wa Afrika.

Watu wengi wa Lubumbashi wanaweza kuhesabu makombe ya Mazembe ya wanaume bila kukosea. Wazee wa Kamalondo wanaanza na 1967, vijana wanaanza na 2009. Lakini ukiuliza timu ya mabinti ilitoka wapi, na kwa nini ilichelewa namna hiyo, wengi wananyamaza kidogo. Habari hiyo inafaa kujulikana, hasa kwa wazazi wenye mabinti nyumbani, wawe wazaliwa wa hapa au waliofika hapa na mizigo kichwani.

Klabu yenyewe ilianza shuleni. Mwaka 1939, wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville, mapadre Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface walitafuta kazi ya kuwashughulisha wanafunzi ambao hawakuelekea upadre. Wakaanzisha timu ya kabumbu, wakaipa jina la Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa kundi la maskauti la pale shuleni. Baadaye timu ikaitwa Saint-Paul. Wachezaji wasiokuwa wanafunzi walipozidi, mapadre wakaachia uongozi, na timu ikachukua jina la Englebert, aina ya matairi ya gari. Mwaka 1966 ilishinda ubingwa wa nchi bila kufungwa hata mchezo mmoja, na hapo ndipo watu walipoiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote. Jina la Mazembe lilikuja nyuma yake.

Kwa hiyo klabu kubwa kuliko zote katika Katanga ilizaliwa kwa sababu mtu fulani aliona kwamba mtoto wa shule anahitaji kiwanja na mpira. Lakini mtoto aliyefikiriwa siku hizo alikuwa mvulana. Msichana hakuwamo katika hesabu, na hakuingia humo kwa muda wa miaka 80 hivi.

Katika miaka hiyo 80 wanaume walileta sifa nyingi. Englebert ilichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na ikalirudisha tena 1968. Kisha palikuwa na ukame mrefu. Moïse Katumbi alipochukua uongozi wa klabu mwaka 1997, kazi ya kujenga upya ilianza, na matunda yakaonekana: ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, halafu Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ya Milan iliishinda 3-0, lakini jina la Lubumbashi lilikuwa limekwisha kusikika dunia nzima.

Timu hiyo haikuwa ya watu wa kabila moja wala wa nchi moja. Kutoka Zambia alikuja Rainford Kalaba. Kutoka Tanzania walikuja Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, na mwaka 2015 Samatta alikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa mashindano yale. Jambo hilo si dogo katika mji huu. Lubumbashi yenyewe inajua maana ya kufukuzwa. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilitolewa katika nyumba zao humu Katanga, nyingi zikangoja treni katika stesheni ya Likasi kwa majuma na majuma, na watoto wakafia hapo. Uwanja wa mpira haukuzuia mambo hayo, na hakuna anayedai hivyo. Lakini pale Kamalondo watu wamezoea kumwita mtu kwa kile anachokifanya na mpira, kabla ya kumuuliza baba yake alizaliwa wapi.

Ni uongo kusema kwamba wanawake wa Kongo walingoja Mazembe ndipo wajue michezo. Katika mpira wa kikapu, timu ya wanawake ya Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994. Ushindi wa 1994 uliipeleka kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na mmoja wa mabinti hao, Mwadi Mabika, mwaka uliofuata alianza kucheza Los Angeles Sparks, klabu ambayo alishinda nayo ubingwa wa Marekani mara mbili, 2001 na 2002. Katika kabumbu, timu ya taifa ya wanawake ilishika nafasi ya tatu Afrika mwaka 1998, mashindano yalipofanyika Nigeria.

Kipaji kilikuwapo. Kilichokosekana ni nyumba ya kukitunza. Miaka ya vita ilikuja, fedha za michezo zikapungua, na zile chache zilizobaki zilikwenda kwa wanaume. Msichana aliyecheza vizuri barabarani akiwa na miaka 12 alikuta mlango umefungwa akifika 15: hapakuwa na klabu yenye mshahara, hapakuwa na daktari wa timu, na nyumbani walimwambia aache mambo ya wanaume. Baada ya kushiriki Kombe la Afrika mwaka 2012, timu ya taifa ya wanawake ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kufika tena kwenye fainali hizo.

Mlango ulifunguliwa na mambo mawili yaliyotoka juu. Kwanza, Shirikisho la Kabumbu la Afrika, CAF, lilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake, na mashindano ya kwanza yalichezwa mwaka 2021 kule Cairo. Pili, shirikisho hilohilo liliingiza timu ya wanawake katika masharti ya leseni kwa klabu za wanaume zinazotaka kucheza mashindano yake. Klabu kubwa nyingi barani zilijikuta zinatafuta mabinti haraka haraka. Zipo zilizokusanya wachezaji ili karatasi zikubaliwe, basi. Mazembe ilifanya kazi ya kweli: mabinti walipewa jezi ileile nyeusi na nyeupe, jina lilelile la Kunguru, na makocha wa kazi hiyo.

Mwaka 2022 walifika kwenye mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Morocco. Walipangwa pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Bayelsa Queens ya Nigeria na Wadi Degla ya Misri. Safari iliishia kwenye hatua ya makundi. Mwaka huo Simba Queens ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali, na kombe likabaki Morocco, mikononi mwa AS FAR, iliyoipiga Sundowns 4-0. Mabinti wa Lubumbashi walirudi nyumbani wakiwa wameona kwa macho yao umbali uliobaki. Mwaka 2023 nafasi ya Afrika ya Kati ilikwenda kwa Huracanes ya Guinea ya Ikweta, na Mazembe ikatazama mashindano kutoka mbali.

Mtu aliyewafikisha mwisho wa safari ni mwanamke, Lamia Boumehdi, raia wa Morocco. Yeye mwenyewe alichezea timu ya taifa ya nchi yake, kisha akafundisha timu za wasichana wadogo wa Morocco kabla ya kuja Lubumbashi. Hapa alikuta mabinti wenye mbio na nguvu, akawafundisha jambo gumu zaidi: kusubiri. Timu inayojua kusubiri haifadhaiki ikibanwa, na ikipata nafasi moja inaitumia.

Novemba 2024 Mazembe ilirudi Morocco. Kundi lao lilikuwa na AS FAR wenyewe, Aigles de la Médina ya Senegal, na timu ya Chuo Kikuu cha Western Cape cha Afrika Kusini. Hiyo timu ya mwisho inastahili kutazamwa vizuri. Ni timu ya chuo, iliyofika kushindana na klabu za jeshi na za matajiri. Kwa mabinti wa namna hiyo mpira na masomo havigombani, kimoja kinashika mkono wa kingine.

Fainali ikawakutanisha tena Mazembe na AS FAR. Kwa Boumehdi mchezo ule ulikuwa na uzito wa pekee: alikuwa katika nchi yake ya kuzaliwa, akipambana na klabu ya nchi yake, akiongoza wageni kutoka Kongo. Penalti ya Kasaj ilipoingia, kazi iliyobaki ilikuwa ya kulinda. Walilinda hadi filimbi ya mwisho. Boumehdi akawa kocha wa kwanza mwanamke kushinda kombe hilo, kwa kuwa makombe matatu yaliyotangulia yalichukuliwa na timu zilizofundishwa na wanaume. Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika ya Kati kulichukua. Ikaungana pia na Sundowns na AS FAR katika orodha fupi ya klabu zilizowahi kuwa bingwa wa Afrika kwa wanaume na kwa wanawake pia. Mwezi uliofuata, kwenye sherehe za CAF huko Marrakech, Boumehdi alitangazwa kocha bora wa mwaka katika kabumbu ya wanawake, na Mazembe klabu bora ya wanawake.

Baada ya sherehe huja hesabu. Bingwa wa wanawake mwaka 2024 alipewa dola 600,000, na CAF ilikuwa imekwisha kuongeza kiasi hicho kutoka 400,000. Bingwa wa wanaume mwaka huohuo alipata dola milioni 4. Kwa kila dola 100 alizopata mwanaume bingwa, mwanamke bingwa alipata 15. Ndiyo maana timu ya mabinti bado inasimama kwa mguu wa timu ya wanaume. Klabu mama ikiyumba, mabinti ndio wa kwanza kuanguka. Timu za wanawake zisizokuwa na klabu kubwa nyuma yake zinaishi kwa michango, kwa mwalimu mwenye moyo, na kwa mama anayepikia wachezaji bila malipo.

Hapo ndipo historia ya 1939 inarudi kuuliza swali. Mazembe haikuanza na tajiri. Ilianza na shule, mipira michache na mtu mzima aliyekubali kutumia jioni zake kwa ajili ya watoto wa wengine. Lubumbashi leo ina shule nyingi, na ina chuo kikuu tangu miaka ya 1950. Lakini kila mwaka nyumba zinajengwa mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza, na kiwanja kikiisha kuuzwa hakirudi. Pale kilipobaki, mara nyingi wavulana wanakishika tangu mchana hadi giza, na wasichana wanatazama pembeni wakiwa na ndoo za maji.

Kwa familia zilizokimbia vita swali ni gumu zaidi. Mtoto aliyetoka Kivu, au aliyetoka vijiji vya kaskazini mwa Katanga ambako watu wamekimbia bunduki mara nyingi, amepoteza shule, marafiki na barabara aliyoijua. Msichana anapoteza zaidi, kwa sababu mikono yake inahitajika nyumbani mara moja: kuteka maji, kulea wadogo, kuuza sokoni. Mama hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini msichana ambaye mara mbili kwa juma anaruhusiwa kwenda kiwanjani anapata jirani wapya kumi na mmoja, anapata mwalimu anayejua jina lake, na anapata sababu ya kurudi darasani. Hata kama hatafika El Jadida, hayo ni yake.

Mabingwa wa 2024 nao walianza kwa kuruhusiwa na mtu kutoka nyumbani. Wengi wao walipokuwa wadogo, kombe walilolichukua halikuwapo, na klabu iliyowavika jezi haikuwa na timu ya wanawake. Walijifunza mpira kabla mtu yeyote hajawaahidi kitu.

Leo ahadi ipo, na ina jina na rangi zinazojulikana kutoka Karavia hadi Kamalondo. Saa kumi jioni, masomo yakiisha na jua likipungua, msichana akiomba ruhusa ya kwenda kucheza, ndoo inaweza kungoja kidogo.