Gobori na Mti Wake

  Mliolisikiliza somo hili redioni, sasa lisomeni polepole. Anayesoma vizuri amsaidie jirani yake.

Leo tutasoma historia ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona, au mmesimuliwa na babu zenu. Kitu hicho ni gobori.

Gobori ni bunduki ya kushindilia. Mwenye nalo humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, hutia kitambaa au nyuzi, hutia risasi au vipande vya chuma, kisha hushindilia kwa mdeki. Magobori ya zamani yaliwashwa kwa jiwe la gumegume. Ya baadaye yaliwashwa kwa fataki.

Gobori lina sehemu tatu kubwa: mtutu wa chuma, mtambo wa kufyatulia, na mti unaovishika vyote viwili. Nyuma ya mti kuna kitako, kinachowekwa begani. Kati ya kitako na mtambo mti ni mwembamba. Hapo tutapaita shingo. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Je, magobori yalifikaje huku kwetu? Yalitoka Ulaya, yakapita Unguja, yakashushwa Kilwa, Lindi na Mikindani. Misafara ya Wayao ilipeleka pwani pembe za ndovu na watumwa, ikarudi na nguo, baruti na bunduki. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Baadaye mpira wa msituni ukawa bidhaa kubwa ya Lindi na Mikindani, nao ulinunua bunduki vilevile.

Basi fikirini. Silaha moja ilifanya kazi mbili. Ilimkamata mtu, tena ilimlinda mtu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji hicho, wakaua watu na kuteka wengine. Baada ya msiba huo baadhi ya watu walihamia Newala, kwa mfalme Matola. Nyakati kama hizo, mwenye gobori zima aliheshimiwa.

Sasa sikilizeni jambo lililobadilisha mambo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalifanya mkataba mjini Brussels, nchini Ubelgiji. Mkataba huo ulizuia kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka huohuo Machemba, mkuu wa Wayao juu ya uwanda wa Makonde, alimwandikia Mjerumani Wissmann barua kwa Kiswahili, akakataa kuwa chini yake. Alishindana na Wajerumani miaka kadhaa. Mwaka 1899 alivuka mto Ruvuma akaingia upande wa Wareno.

Bunduki mpya zilipokuwa shida kupatikana, ya zamani ilibidi idumu. Nayo ingeharibikia wapi kwanza? Mtutu ni chuma kinene. Ukipakwa mafuta, hukaa miaka mingi. Kinachovunjika upesi ni mti. Kwa hiyo fundi wa kijijini akawa mtu wa maana sana.

Tazameni nchi yetu. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Oktoba ni kiangazi kikali. Baadaye huja masika, na huko Newala juu huja ukungu. Mti hunywa maji ukafura, kisha hukauka ukasinyaa. Ukifura, mtambo hukwama. Ukisinyaa, misumari hulegea. Mti usiposhika vizuri, kila mlio huzidi kuutikisa, mwisho hupasuka. Nao hupasuka wapi? Shingoni! Pale ni pembamba, tena pamechimbwa kuingiza mtambo.

Wazee walikuwa na dawa ya ufa huo. Walichukua ngozi mbichi ya mnyama, wakailowesha, wakaizungushia shingo na kuishona kwa nguvu. Ngozi ikikauka hujikaza kuliko kamba yoyote. Magobori yaliyofungwa ngozi hivyo yameonekana sehemu nyingi za Afrika.

Shingo ikivunjika kabisa, huchongwa mti mpya. Hapo fundi huchagua. Mpingo ni mgumu, lakini ni mzito mno begani. Mninga ni mwepesi zaidi, unachongeka, nao ukisha kukauka haufuri wala kusinyaa sana. Tena fundi hutazama nyuzi za mti. Nyuzi zikiifuata shingo kwa urefu, mti una nguvu. Zikiikata shingo, utavunjika tena, hata ungekuwa mti mzuri namna gani.

Utunzaji wake ulikuwa rahisi, nao wafaa hata kwa mpini wa jembe lako. Mti ukilowa, ufute, kisha uukaushe kivulini. Usiuanike juani wala karibu na moto, maana utapasuka. Upake mafuta kidogo kidogo. Mafuta ya kitani ni mazuri kwa sababu hukauka. Mafuta mengi ya mtambo yakivuja ndani ya mti, huulainisha ukaoza. Tena usiuegemeze chini, kwa sababu ya mchwa.

Lakini gobori halikuwa na nguvu za kila kitu. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza, watu waliambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Mwezi wa Agosti misheni ya Masasi ilichomwa moto. Vita vilipokwisha, Wajerumani waliwadai walioshindwa watoe silaha zao. Na Wajerumani wenyewe? Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akiwa na upungufu wa risasi, akazipata kwa kuwapiga Wareno huko Ngomano. Chuma na baruti vilitoka mbali, kwa hiyo kila mtu alimtegemea muuzaji au adui. Ujuzi wa mti ulikuwa hapahapa, katika mikono ya watu wetu. Hakuna mkataba uliouzuia.

Hata hivyo ujuzi huo waweza kupotea. Haukuandikwa, na wazee wanaujua wachache. Ninyi sasa mnajua kuandika. Mwendeeni mzee mmoja, mumsalimu kwa adabu, mumuulize.

Neno la mwisho. Ukikuta gobori la marehemu babu darini, usilifiche wala usilijaribu. Huenda lina baruti ndani. Usilibebe pia, toa taarifa polisi au kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya mwaka 2015 yakataza kumiliki silaha bila kibali.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mkataba wa mwaka 1890 ulimfanya fundi wa mti awe mtu wa maana?
2. Kwa nini shingo ya gobori huvunjika upesi?
3. Andika mistari mitano juu ya kifaa cha zamani nyumbani kwenu: nani alikitengeneza, na kwa mti gani?