Hesabu Iliyokawia Kumfikia Tabibu

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na katika kivuli vitu vya mbele na vya nyuma huangukiana mahali pamoja. Ubongo, ulio laini nao umefunikwa na fuu la kichwa, haukuonekana. Tangu mwaka wa 1919 matabibu walitia hewa katika uti wa mgongo ili ipande kichwani na kuonyesha nafasi zilizomo ubongoni. Mgonjwa akaumwa sana, na uvimbe wenyewe ukakisiwa tu.

Ufunguo wa jambo hilo ulikuwamo katika hesabu. Mwaka wa 1917 Johann Radon wa Austria alithibitisha kwamba umbo la ndani la kitu laweza kujulikana kwa vipimo vya mistari ikipitayo kutoka kila upande. Aliwaandikia wanahesabu wenziwe, kwa lugha yao.

Mwaka wa 1956 Allan Cormack, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alipewa kazi ya kusimamia matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Akaona kuwa kipimo cha mionzi ya kutibia kilikadiriwa kana kwamba mwili wote ni wa namna moja, ilhali mfupa, nyama na mapafu havizuii miale sawasawa. Akaitafuta hesabu ile upya, asijue ya kuwa Radon alikwisha kuipata. Makala zake za 1963 na 1964 hazikujibiwa ila kidogo sana. Miongoni mwa walioomba nakala walikuwa watafiti wa maporomoko ya theluji huko Uswisi.

Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza, alianza kazi yake mwaka wa 1967 pasipo kuijua ya Cormack. Jaribio lake la kwanza lilimchukua siku 9 za kupima. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe ubongoni alipigwa picha, na uvimbe ukaonekana. Mwaka wa 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya utabibu.

Leo kipimo hicho, siti skani, humalizika kwa sekunde chache. Aliyepatwa na kiharusi hupimwa kwanza, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwua yule ambaye damu yake imevuja. Utafiti nao waendelea: mwaka wa 2021 Marekani iliruhusu mashine zinazohesabu chembe za miale moja moja, zionyeshazo vitu vidogo zaidi.

Ni kweli kwamba pasipo kompyuta hesabu ya Radon isingemfaa mgonjwa. Hata hivyo kompyuta zilikuwako Cormack alipochapisha, na bado miaka 8 ikapita. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na elimu isiyovuka kutoka lugha ya fani moja hadi ya nyingine hukaa sandukuni, mwenye haja nayo akingoja.