Uingereza 1948: matibabu ya bure, mfuko mtupu

Kwenye mijadala ya bima ya afya hakosi mtu wa kusema nchi itajirike kwanza ndio tutibiwe bure. Wacha niwarudishe Uingereza ya 1948. Vita vimeisha miaka 3 tu, deni la Marekani liko shingoni, nyama na sukari bado ni kwa mgao. Februari, madaktari wengi wanapiga kura kuukataa mpango; ikabidi walegezewe masharti. Tarehe 5 Julai NHS ikaanza: daktari, dawa, meno, hata miwani, hulipi kitu ukienda kutibiwa. “Bure” lakini ni jina tu, pesa nyingi ilitoka kwa kodi. (Wanaotuahidi bure, semeni basi: kodi ya nani?) Watu walimiminika kutafuta miwani na meno bandia hadi 1951 serikali ikaanza kuvitoza.