Pampu ya Kipimo: Neno Moja, Kazi Mbili

Pampu ya kipimo ni mashine inayotoa kiasi kidogo na kilekile cha kimiminika katika kila mzunguko wake, kwa saa iliyopangwa, bila mtu kusimama kando yake akiwa ameshika kikombe. Huko Lubumbashi mafundi huitaja zaidi kwa jina la Kifaransa, "pompe doseuse", kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya vitabu vya maelekezo na ya shule za ufundi, lakini kazi yenyewe si ngeni hata kidogo katika eneo la Katanga. Kiwanda cha Shituru kule Likasi, kilichoanza kazi mwaka 1929 chini ya kampuni ya Union Minière, kiliyeyusha madini ya shaba kwa asidi ya salfa, na katika viwanda vya aina hiyo ni lazima chokaa itiwe kwa kadiri ili uchachu wa maji urudi panapotakiwa. Katika vinu vya Kolwezi vya kuelesha madini, mafuta ya mawese yalitiwa kidogo kidogo ili chembe za malakaiti zishikamane na mapovu na kuelea juu. Pampu inayowekwa leo kando ya tangi la kioo lenye matumbawe hai ni mdogo wao wa ukoo uleule, na jina litakalowafaa wakubwa halina budi kumfaa na mdogo.

Sehemu ya kwanza ya jina haina ugomvi mkubwa. Kiswahili kina "bomba", lililotoka katika Kireno, ambako neno hilohilo lilikuwa na maana ya mashine ya kuvutia maji; lakini limezunguka sana tangu hapo, hata likawa ni mfereji wa kupitishia maji, ni mahali pa kuyachota, na hata ni kifaa cha kudungia sindano hospitalini. Mwandishi anayetaka kueleza kwamba mashine fulani inavuta maji kutoka chomboni na kuyapitisha katika mrija atajikuta akiandika bomba linalosukuma maji kupitia bomba, na msomaji atapotea. Kwa hiyo "pampu" ibaki kuwa mashine, na "bomba" libaki kuwa njia.

Ugumu uko katika sehemu ya pili. Neno linalokuja haraka mdomoni ni "dozi", ambalo asili yake ya mbali ni Kigiriki, lenye maana ya tendo la kutoa, na ambalo limeingia katika Kiswahili kwa mlango wa hospitali. Mlango huo umeliachia harufu isiyotoka. Msemaji wa Kiswahili anaposikia dozi, husikia pamoja nayo ugonjwa, cheti cha daktari na siku ya mwisho, kwa maana dozi ni kitu cha kumaliza, na asiyeimaliza huonywa. Tangi la matumbawe haliumwi, na kinachotiwa humo hakina siku ya mwisho: ni badala ya kile kilicholiwa, na kitaendelea kuliwa maadamu viumbe wale wanaishi. Kuita mashine hiyo pampu ya dozi ni kumfanya mfugaji adhani kwamba anatibu, naye anayedhani anatibu huongeza dawa pale anapoona dalili mbaya, jambo ambalo katika kazi hii ndilo lenye hatari kuliko yote.

Msomaji wa Lubumbashi angeweza kupendekeza "posho", na pendekezo hilo lingestahili heshima, kwa sababu katika mji uliokua kandokando ya migodi, posho iliyogawiwa wafanyakazi na familia zao kila wiki iliingia katika kumbukumbu za nyumba nyingi. Posho ina mambo mawili ambayo dozi haina, nayo ni kurudia kwake bila kukoma na kuwa kwake badala ya kilicholiwa. Hata hivyo ina kasoro moja isiyovumilika, kwamba hupangwa na mgawaji kabla ya kumwuliza anayekula, ilhali mashine inayoelezwa hapa haina manufaa yoyote mpaka anayekula awe ameulizwa kwanza.

Hapo ndipo "kipimo" kinapoyashinda mengine. Mgonjwa huenda kuchukua kipimo cha damu, kisha hupewa kipimo cha dawa. Neno ni lilelile, ingawa la kwanza ni swali na la pili ni jibu. Mwanaistilahi mkali atalalamika kwamba neno lenye maana mbili ni neno bovu, na kwamba taaluma hutaka kila dhana iwe na jina lake. Lalamiko hilo lina haki mahali pengi, ila si hapa, kwa kuwa maana hizi mbili ni nusu mbili za kazi moja, na lugha iliyozitia katika chombo kimoja imemwonya mtumiaji kuliko Kifaransa kinavyomwonya, kwani jina la Kifaransa linataja kutia tu na kunyamaza kuhusu kuchunguza. Panapohitajika kutofautisha, inatosha kusema "kipimo cha maji" kwa ule uchunguzi na "kipimo cha kutiwa" kwa kile kiasi kinachotoka mrijani.

Jina la jinsi mashine inavyosukuma ni suala jingine, na halifai kuchanganywa na jina la kazi yake. Pampu nyingi za matangi zina magurudumu madogo yanayozunguka yakiubana mrija laini dhidi ya ukuta wa duara, yakilisukuma tone lililonaswa katikati yake mpaka litokee upande wa pili, sawa na utumbo unavyosukuma chakula au vidole vinavyoshuka kwenye chuchu ya ng'ombe. Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari kwa mwendo huo: kukamua. "Pampu ya kukamua" ni jina linaloeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kuiona, na linamfundisha jambo la maana, kwamba kimiminika hakigusi chuma chochote ila kinapita ndani ya mrija peke yake. Mashine iliyosukuma damu katika upasuaji wa moyo uliofanywa na John Gibbon kule Philadelphia mwaka 1953 ilitumia kanuni iyo hiyo. Aina ya pili, inayoonekana zaidi katika mitambo ya kutia klorini kwenye maji ya kunywa, husukuma kwa ngozi nyembamba inayovutwa na kuachiwa, nayo ingefaa kuitwa pampu ya kiwambo, kwa mfano wa kiwambo cha ngoma.

Kinachotiwa katika tangi la matumbawe ni nini hasa? Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu kaboneti, wakichukua kalsiamu kutoka majini pamoja na bikaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ualkali, yaani akiba ambayo maji huwa nayo ya kupambana na uchachu. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, na ualkali wake hukaribia digrii 7 za Kijerumani, kipimo ambacho wafugaji wengi hukitumia na kukipandisha hadi kati ya 7 na 11. Baharini akiba hiyo haiishi kwa sababu maji ni mengi na yanabadilishana bila kukoma. Katika tangi la lita 200 lililo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani iliyo karibu zaidi, matumbawe yaliyostawi huweza kuipunguza kwa namna inayoonekana katika siku moja.

Njia mojawapo ya kuirudisha ni maji ya chokaa, na hapa historia ya Waswahili inageuka kwa namna ya kupendeza. Waashi wa Kilwa, Gedi na Lamu walichoma matumbawe katika tanuri, moto ukafukuza hewa ya ukaa, kikabaki kitu kikali ambacho kikitiwa maji huwa chokaa ya kujengea misikiti na nyumba. Mfugaji wa leo huchukua chokaa iliyo safi, akaiyeyusha na kuirudisha kwa tumbawe hai ili lijenge mfupa uleule ambao mwashi aliuchoma. Maji yaliyoshiba chokaa hubeba takriban gramu 1.5 tu kwa lita, na pH yake hupita 12, hivyo yanaunguza ngozi na macho, na hutiwa tone kwa tone. Kinachovutwa na pampu ni yale maji maangavu ya juu, kwa sababu tui jeupe la chini huziba mrija. Chokaa ya kiwandani, iliyo nyingi katika eneo lenye machimbo ya mawe ya chokaa kama lile la Katanga, haifai bila kujulikana usafi wake, kwani iliyo nzuri kwa kusawazisha asidi ya mgodini huenda ikawa na metali ambazo matumbawe hayazivumilii.

Njia ya pili ni miyeyusho miwili, mmoja wa kalsiamu kloridi na mwingine wa sodiamu bikaboneti, ambayo haikutani kamwe katika chombo kimoja wala mahali pamoja ndani ya tangi, kwa kuwa ikikutana ingali mikali huganda papo hapo kuwa unga mweupe usiofaa kitu.

Kuitega pampu huanza ikiwa imezimwa. Ualkali hupimwa, siku mbili hupita bila kutia chochote, kisha hupimwa tena saa ileile. Tuseme tangi la lita 200 limeshuka kutoka digrii 8.4 hadi 7.0: limekula digrii 0.7 kwa siku. Kupandisha lita 100 kwa digrii moja kunahitaji takriban gramu 3 za sodiamu bikaboneti, hivyo tangi hili linadai gramu 4.2 kila siku; na kama myeyusho una gramu 60 kwa lita, kipimo cha kutiwa ni mililita 70, kinachofaa kugawanywa mara 14 za mililita 5 ili maji yasishtuke. Hesabu hiyo yote ni bure mpaka pampu yenyewe ihakikiwe, yaani iamriwe kutoa mililita 5 mara kumi ndani ya silinda ya kupimia, na silinda ionyeshe 50. Viungio vyote viwe vya plastiki. Katika mji wa shaba si ajabu kupata kiungio cha shaba kilicho imara na cha bei nafuu, lakini shaba iliyoyeyuka, hata miligramu 0.2 kwa lita, kiasi ambacho hutumiwa kuua vimelea vya samaki, huua pia matumbawe na kamba.

Hitilafu ya kwanza kwa wingi, tena isiyo na kelele, ni kuchoka kwa mrija. Mpira unaokamuliwa kila siku hulegea au kugandamana, na kipimo huhama polepole. Pampu inayotoa mililita 5.5 badala ya 5 huongeza mililita 7 kwa siku katika mfano ule, yaani digrii 0.07, kitu kisichoonekana kesho wala keshokutwa, lakini baada ya siku 30, ikiwa matumbawe hayakubadili ulaji wao, ni zaidi ya digrii 2. Ndiyo maana kipimo cha maji kinapotoka kibaya, la kufanya kwanza ni kurudi kwenye silinda kabla ya kugusa hesabu, kwa kuwa anayebadili hesabu ya pampu inayodanganya huficha uongo mmoja chini ya mwingine. Kiasi kikipungua, sababu huwa ni hewa iliyoingia mrijani, chombo kilichokaribia kukauka, au ukoko wa chumvi kwenye ncha ya kutolea, ambao huondoka kwa maji ya uvuguvugu.

Iliyo mbaya kuliko zote hutokea ncha ya mrija inapozamishwa majini huku chombo cha myeyusho kikiwa juu ya tangi. Siku gurudumu litakapoacha kuubana mrija vizuri, maji yatajivuta yenyewe kwa uzito wake, pampu ikiwa imelala. Lita moja ya myeyusho uliotajwa ina gramu 60 za bikaboneti, nazo katika lita 200 ni digrii 10 kwa usiku mmoja. Tangi lililolala na digrii 8 litaamka na 18, na matumbawe yatakuwa yamekwisha kuharibika. Kuweka chombo chini ya tangi huku ncha ikiwa imezama hugeuza tu upande wa balaa, maji ya tangi yakashuka kujaza chombo na kumwagika sakafuni. Dawa ni ncha kuning'inia hewani juu ya maji, chombo kukaa chini, na chombo chenyewe kuwa kidogo kiasi kwamba hata kikimwagika chote, tangi listahimili.

Limebaki neno "otomatiki", ambalo wauzaji hulibandika mbele ya kila pampu. Katika kiwanda chenye kihisio cha pH kinachoamuru chokaa iongezwe au ikomeshwe, neno hilo lina stahili yake, kwa sababu mashine inachukua kipimo kabla ya kutoa kipimo. Pampu ya kawaida ya tangi haihisi chochote ila saa, na jina lake la kweli ni pampu ya kipimo inayoongozwa na saa. Tofauti hiyo hujitokeza wazi umeme unapokatika, jambo ambalo wakazi wa Lubumbashi wamelizoea. Pampu isiyo na betri ya kutunza saa huamka ikidhani ni usiku wa manane na kuanza ratiba upya, hivyo hurudia vipimo ilivyokwisha kutia au kuruka ambavyo haikutia. Umeme ukirudi, saa ya pampu husomwa kabla ya kitu kingine, kisha maji hupimwa, na vipimo vilivyorukwa haviongezwi kwa mkupuo bali ratiba huendelea ilipofikia.