Kutoka Igikumu hadi Saini ya Dijiti: Nani Huihakiki Hati?

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe likighushiwa, je? Swali hili ni la kale kama maandishi yenyewe, na linatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Bujumbura, mji ambao watu wake huvuka mipaka kila siku wakiwa na hati mkononi. Katika makala haya tunaangalia kwa ufupi historia ya kuhakiki hati, hadi kufikia pasipoti yenye chipu.

Tuanze na maneno. Muhuri lilitufikia kutoka Kiajemi, saini tumelichukua kwa Waingereza, na Kirundi kina msemo wa gutera igikumu, yaani kutia alama ya kidole gumba. Maneno yote matatu yanadai jambo moja: aliyetia alama hii ndiye mwenye maneno haya.

Historia yetu inaonyesha jinsi dai hilo linavyoweza kuvunjwa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Watawala wa huko walitia alama za msalaba chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Alama zilikuwepo, lakini ridhaa haikuwepo. Huku kwetu, Mwami Mwezi Gisabo alikubali mkataba wa Kiganda mwezi Juni 1903 baada ya kushindwa kwa silaha. Hapo pia alama peke yake haisimulii yote.

Sasa tuje kwenye saini ya dijiti. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza wazo la kutumia funguo mbili: mmoja wa siri, mwingine wa hadharani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kulitekeleza. Utaratibu wenyewe ni huu. Programu husoma data zote na kuzifupisha kuwa tarakimu za urefu maalumu. Kwa njia iitwayo SHA-256, ni herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja katika waraka, muhtasari huo hubadilika kabisa. Mtoaji huutia saini kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji, kwa programu yake, hupiga hesabu upya, kisha huulinganisha muhtasari wake na ule uliotiwa saini, akitumia ufunguo wa hadharani. Vikilingana, data haijaguswa.

Ndivyo inavyofanya kazi pasipoti ya elektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Arusha mwezi Machi 2016 na ambayo Burundi, mwanachama tangu 2007, nayo inaitoa. Ndani ya chipu mna jina, tarehe ya kuzaliwa na picha ya uso, pamoja na orodha ya mihtasari yake iliyotiwa saini na nchi iliyoitoa. Ofisa wa mpakani anahitaji mashine ya kusoma chipu, na anahitaji pia cheti cha nchi hiyo ili kuihakiki saini. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilianzisha mwaka 2007 hazina ya pamoja ya kubadilishana vyeti hivyo.

Je, wenye mashine huhakiki kweli? Mwaka 2008, katika uwanja wa ndege wa Amsterdam, mtafiti mmoja alionyesha chipu yenye jina la Elvis Presley, mwanamuziki aliyefariki mwaka 1977. Mashine ya kujihudumia iliikubali, kwa kuwa haikuuliza saini ile ilitoka kwa nani. Mwezi Februari 2018, maseneta wawili wa Marekani waliandika barua kulalamika kwamba idara ya forodha na mipaka ya nchi yao haikuwa na programu ya kuhakiki saini hizo, ingawa Marekani ilikuwa imezidai chipu hizo kwa nchi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi. Kufuli lilikuwepo mlangoni, ila hakuna aliyejaribu kama limefungwa.

Hapa ndipo lugha inapotusaidia. Tunawashauri wanafunzi wetu watofautishe maneno matatu. Uhalisi ni kwamba hati imetoka kwa anayedaiwa kuitoa. Ukamilifu ni kwamba haijabadilishwa tangu itiwe saini. Ukweli ni kwamba yaliyoandikwa ndivyo yalivyo. Programu huhakiki mawili ya kwanza. La tatu haliwezi.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliingiza vitambulisho vilivyoandika kabila la mtu, na huko Rwanda viliendelea kutumika hadi 1994. Mihuri yake ilikuwa halali. Lakini katika vizuizi vya barabarani, hati hizo halisi ndizo zilizoamua nani auawe. Hakuna programu ambayo ingezikataa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuipokee saini ya dijiti kwa shukrani, maana inamzuia mghushi kuliko muhuri wa wino ulivyowahi kumzuia. Hata hivyo, mashine ikisema hati ni sahihi, bado yapo maswali mawili ya kuulizwa na binadamu: nani aliyaandika maneno haya, na aliyeandikwa humo aliyaridhia?