Tarikhi ya Kuhuisha Mifumo ya Kompyuta

Mwezi Agosti 1995, Windows 95 ilipotoka, mtu aliyenunua toleo la disketi ili kuhuisha kompyuta yake alikabidhiwa disketi 13, akawa hana budi kuzitia moja baada ya moja kwa mkono wake. Kazi ilichosha, lakini ilikuwa na fadhila ambayo baadaye ilipungua, kwamba mfumo haukubadilika ila kwa ridhaa ya mwenye mali.

Wajenzi wa Debian, mfumo huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, waliitunza ridhaa hiyo kwa namna ya kusifika: programu yao ya dpkg, ikikuta faili la mipangilio ambalo mwenyewe amelirekebisha, na toleo jipya limekuja na la kwake, husimama ikauliza lipi libaki, humwonyesha tofauti akitaka, na asipochagua hulibakiza lile la mwenyewe. Staha hii naihesabu kuwa msingi wa yote, ijapokuwa swali liliandikwa kwa lugha ya mafundi, na karani asiyewahi kulifungua faili hilo hakuwa na mizani ya kulijibu.

Matoleo yalipoanza kuletwa kwa intaneti, mambo yaligeuka. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na mwaka uliofuata, mtu aliyebonyeza alama ya X katika dirisha la kuitangaza, alama ambayo tangu zamani ilimaanisha kukataa, alihesabiwa kuwa ameridhia tarehe aliyopangiwa. Ni baada ya malalamiko mengi ndipo Microsoft ilipokubali kuweka kitufe bayana cha kukataa.

Kadhia ya Oktoba 2018 ilikuwa nzito zaidi, kwani toleo la Windows 10 la mwezi huo liliwafutia baadhi ya watu nyaraka na picha zao: walikuwa wamezihamishia folda zao mahali pengine, nalo likaifuta folda ya zamani pamoja na vilivyosalia ndani yake. Microsoft ilisema taarifa za hasara hiyo zilikuwa yapata moja katika kila 10,000. Lakini aliyepotewa na picha za marehemu mzazi wake hafarijiki kwa uchache wa wenziwe. Watu waliolijaribu toleo hilo mapema walikuwa wamekwisha kuonya, sauti zao zikazama katika wingi wa taarifa, na ndipo wakawekewa mahali pa kutaja uzito wa hasara.

Dawa iliyo madhubuti zaidi dhidi ya toleo bovu ilikwisha kuonekana mwaka 2011 katika Chromebook, ikaingia Android 7.0 mwaka 2016: mfumo hukaa katika sehemu mbili za hifadhi, toleo jipya huandikwa katika ile isiyotumika, na likishindwa kuwaka, kompyuta hurejea katika ile ya zamani. Hata hivyo kinga hiyo ni ya mfumo, si ya nyaraka. Na kwa mtu wa Tanga au Kisumu anunuaye bando kwa kipimo na kukatikiwa umeme pasipo taarifa, bado yapo matangazo ya kuhuisha yatajayo jina la toleo bila kumwambia gigabaiti zitakazotumika wala muda utakaopita kabla kompyuta haijawaka tena.