Madaktari na Chama Chao

Sisi tuliokusanyika katika chama cha kusaidiana twapenda kukumbusha jinsi madaktari wa hospitali za serikali katika Kenya walivyopata chama cha kuwatetea.

Mwaka 1994 waligoma wakitaka chama chao kiandikishwe; serikali ikakataa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 41, ndiyo iliyompa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Chama cha Madaktari, Wafamasia na Madaktari wa Meno kikaandikishwa mwaka 2011, na mwaka 2013 kikatia sahihi mkataba na serikali juu ya mishahara, hali ya kazi na kuajiriwa kwa madaktari zaidi.

Mkataba huo haukutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wakagoma. Februari 2017 viongozi 7 walitiwa gerezani kwa kutotii amri ya mahakama, lakini wanachama hawakutawanyika. Mgomo ulikwisha tarehe 14 Machi 2017, siku ya 100, kwa mapatano kwamba asiadhibiwe mtu kwa kugoma.

Hatufichi kwamba wagonjwa maskini, wasioweza kulipia hospitali za watu binafsi, ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo twaona kwamba ngao ya mfanyakazi si mgomo, bali ni mkataba unaoheshimiwa. Na mkataba huo humkinga mgonjwa pia. Ahadi ni deni.